Hata Wewe Ulichelewa Kuongea

Mtoto wa Nairobi akifikisha mwaka mmoja na nusu bila maneno, faraja huwajia wazazi wake kutoka kila upande. Jirani wa ploti atasema karibuni mtamwomba anyamaze. Mwenzako kazini atasema wa kwake alianza akiwa na miaka mitatu na sasa anaongoza darasani. Halafu nyanya atapiga simu kutoka nyumbani na kusema ile sentensi inayofunga mjadala: hata wewe ulichelewa kuongea.

Mimi niliambiwa hivyo na mama yangu. Yeye yuko Mwala, Machakos. Sisi tuko mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Binti yetu ni mtoto wa kwanza, na kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo namwita “mama”, na mama yangu akiuliza habari zake huuliza kama mtu anayejiulizia mwenyewe. Kumlinganisha mtoto huyu na waliomtangulia kulianza siku alipopewa jina, kabla hajaweza hata kuinua shingo.

Nami nimelinganisha kwa bidii. Upande mmoja ninacho kijitabu cha afya ya mama na mtoto tulichopewa kliniki, chenye chati ya uzito, orodha ya chanjo na ukurasa wa hatua za ukuaji: kutembea kati ya miezi 12 na 18, kuongea kati ya miezi 9 na 24. Ninayo pia simu iliyojaa picha, kila moja na tarehe na saa yake. Upande wa pili ninaye mama. Kadi yangu ya kliniki ilipotea zamani, na mama hakumbuki miezi wala tarehe. Anakumbuka mambo yaliyotokea. Dada yangu ni mtoto wa mahindi ya manjano, maana alizaliwa 1984, mwaka wa ule ukame mkali, serikali ilipoagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo na watu wakayala huku wakiyanung'unikia. Mimi nilizaliwa Januari 1987. Mama anasema nilikaa kitako siku zile redio haina habari nyingine ila michezo ya Kasarani. Nikatembea wakati wa mlolongo.

Ukitulia ukayafuatilia maneno hayo, yana tarehe zake. Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika Nairobi kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987, kwa hiyo nilikaa nikiwa na miezi sita kwenda saba. Kura ya mlolongo, ile ya uteuzi wa KANU, chama tawala cha wakati huo, ambapo wapigakura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, ilikuwa Februari 1988. Mama alikuwa kwenye foleni hiyo. Anaikumbuka vizuri kwa sababu nilikataa kubebwa, nikawa nasimama dede nikimshika sketi, naenda hatua tatu, naanguka, na wanawake wa foleni ya mgombea mwingine wananishangilia. Miezi kumi na mitatu, basi. Nimejaribu kulitilia shaka simulizi hili nikashindwa. Mtu anaweza kukosea mwezi; hakosei siku aliyosimama juani na mtoto asiyetaka kubebwa.

Binti yangu naye alikaa na miezi saba. Hapo mama aliridhika. Kisha miezi ikaanza kupita. Hakutambaa kabisa. Alisota kwa makalio, mguu mmoja umekunjwa na mwingine ukipiga makasia, akavuka sebule kwa kasi ya ajabu. Alitembea akiwa na miezi kumi na mitano. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza kama magoti yake yana nguvu, na mara mbili alinikumbusha ule mlolongo.

Kwa hili nilikuwa na jibu, na nilimjibu kwa furaha. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likachapisha matokeo mwaka 2006. Kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na siku chache na miezi 17 na nusu. Ni nafasi ya zaidi ya miezi tisa, na ndani yake wote ni wazima. Zaidi ya hayo, watoto wapatao wanne katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walipita njia nyingine wakasimama. Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa kilipoandika upya orodha yake ya hatua za watoto mwaka 2022, kutambaa kuliondolewa kabisa.

Mama alisikiliza, akasema, “Sawa. Lakini huko kwenu anatambaa juu ya nini?”

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa muda mrefu, na nadhani lina uzito kuliko takwimu zangu. Mimi nililelewa juu ya udongo. Mama anasimulia kwamba nilipoanza kujaribu kukaa, bibi mmoja jirani alichimba kishimo kifupi chini ya mwembe, akakizungushia leso kuukuu, akanikalisha humo kila asubuhi ili mgongo ujifunze. Jioni binamu zangu walinishika makwapani na kunirusharusha hadi miguu ikakakamaa. Hakuna aliyesubiri nitembee. Walinifundisha kutembea, kama unavyomfundisha mtu kazi.

Jambo hili limeandikwa kutoka humu humu nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani aitwaye Charles Super alikaa na familia za Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya. Wakati huo wazungu wengi waliandika kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukua kimwili, na wengine wakatafuta sababu katika damu. Super alitazama kazi za akina mama. Waliwafundisha watoto kukaa, hata kwa kishimo cha namna ile niliyoeleza, na waliwafundisha kutembea. Hawakuwafundisha kutambaa. Matokeo aliyochapisha 1976 yanafuata mstari huo huo: watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Walichowahi ni kile walichofundishwa.

Kila nikisoma maelezo hayo nasikia kiburi kidogo kwa ajili ya yule bibi wa mwembeni.

Sasa mweke binti yangu kando yangu. Sakafu yake ni vigae vinavyoteleza. Goti halishiki, makalio yanateleza vizuri sana, na mtoto huchagua kinachofanya kazi. Nje ya mlango kuna ngazi. Mchana alilelewa na mama mmoja wa ploti ya pili anayeshika watoto wengi katika chumba kimoja, mwanamke mwema na mwangalifu, ambaye kwa usalama wao huwakalisha. Hakuna binamu. Mimi na mke wangu tunafika saa moja jioni ikiwa Jogoo Road imetuhurumia. Majirani walitushauri tununue woka, kile kiti cha magurudumu ambacho mtoto huning'inia ndani yake, na Kamukunji viko tele. Tulikataa. Kifaa hicho hakimfundishi mtoto kutembea, na watoto huanguka nacho kwenye ngazi hadi Kanada ikapiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Badala yake mke wangu alitandaza mkeka mpana, na kila Jumamosi tukampeleka kwenye nyasi za Uhuru Park akanyage ardhi. Ndipo akatembea.

Kwa hiyo nikisema mimi nilitembea na miezi kumi na mitatu na yeye kumi na mitano, sijawalinganisha watoto wawili. Nimelinganisha uwanja wa Mwala na sebule ya Umoja, mikono mingi na mikono michache.

Mengine yanapita haraka. Meno yetu yalitoka karibu wakati mmoja. Mimi nilianzishwa uji wa wimbi na miezi mitatu, kama wengi wa rika langu. Yeye alinyonya tu hadi miezi sita, kama inavyoshauriwa tangu 2001. Sote tuna kovu la chanjo ya kifua kikuu katika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Langu limekuwa kubwa na la kung'aa, lake ni kama punje ya dengu. Napenda kuyatazama yakiwa pamoja.

Lakini kuongea hakukupita haraka.

Alipofika miezi ishirini alikuwa na maneno machache ya kuhesabika, na mengi yao alikuwa anayameza nusu. Kijitabu kilisema bado ana muda. Mama akasema hata wewe ulichelewa. Nikafarijika, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu sentensi ile ina upendo mkubwa ndani yake: inamwambia mtoto kwamba yeye ni wetu hata katika upungufu, na inamwambia baba kwamba yeye mwenyewe alichelewa na tazama, hakuharibika. Walioniambia tunamchanganya na lugha niliwajibu kwa utulivu. Ndiyo, anasikia Kikamba kutoka kwangu, Kiswahili nyumbani, Sheng kwenye ngazi na Kiingereza cha katuni. Lakini lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Unachohesabu ni maneno yake yote, ya lugha zote, kwa pamoja. Na mimi niliyekulia kwenye Kikamba kitupu nilichelewa pia.

Hapo ndipo ulinganisho ulipoanza kunisumbua. Kama lugha nyingi hazikuwa sababu kwangu, sababu ilikuwa nini? Kwa miaka yote hiyo nimeisikia ile sentensi kama jibu, na sasa ikawa swali. Jumapili iliyofuata nilimpigia mama, nikamwomba asiniambie nilianza lini bali nilikuwa mtoto wa namna gani.

Alifikiri. “Ulikuwa unanyamaza,” akasema. “Mpole. Ukiitwa kwa nyuma hugeuki. Babu yako akasema una kiburi. Mpaka mtu akujie mbele, ndipo unacheka.”

“Na maneno yalikuja lini?”

“Mwaka ule wa Ouko. Watu walikuwa wamekaa kwenye redio, ukaingia ukasema unataka ndizi. Wote wakakutazama.”

Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka na kupatikana ameuawa Februari 1990. Nilikuwa na miaka mitatu.

Kisha, kana kwamba anaongeza chumvi tu, mama akasema: “Na yale masikio yako nayo yalikuwa yanatoa usaha kila mvua.”

Miaka zaidi ya thelathini alikuwa na mambo hayo mawili mkononi, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa namna ya kuyakutanisha. Mwanamke aliyenilea kwa mikono yake alinieleza dalili zote kwa usahihi ambao daktari angeuonea wivu. Kilichokosekana ni mtu wa kusikiliza na kuandika.

Nilipomweleza mke wangu, akanyamaza, kisha akasema amekuwa akiona kitu. Mtoto akiitwa kutoka jikoni hageuki, ila akiona kivuli cha mtu mlangoni anageuka mara moja. Usiku tukafanya jaribio la nyumbani: mke wangu alicheza naye mbele, mimi nikasimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida, kisha ya juu kidogo. Aligeuka kwa ile ya juu tu. Kesho yake tukaenda kliniki, na muuguzi, ambaye hakututia haraka wala hofu, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari alimkalisha juu ya mapaja yangu. Akatazama kwa taa, kisha akaweka kwenye sikio kifaa kidogo kinachosukuma hewa na kupima kama ngoma ya sikio inatikisika. Haikutikisika, si upande mmoja wala mwingine. Nyuma ya ngoma kulikuwa na majimaji mazito. Hali hiyo ni ya kawaida sana kwa watoto wadogo, mara nyingi haina maumivu wala homa, na ndiyo sababu haionekani. Mtoto husikia, lakini husikia kama aliye ndani ya maji: irabu zinafika, konsonanti nyingi zinapotea. Nikaelewa kwa nini alikuwa anameza nusu ya maneno. Alikuwa anayasema jinsi yalivyomfikia.

Daktari akauliza kama katika familia kuna aliyesumbuliwa na masikio utotoni, maana shida hii huelekea kurudi katika ukoo mmoja. Nikamsimulia mvua za Mwala, ndizi na Ouko. Akacheka kwa wema, akageuza taa, akaniomba niiname. Katika ngoma ya sikio langu la kushoto aliona kovu jeupe, la namna inayoachwa na maambukizi ya zamani. Nimekuwa nikiweka simu sikio la kulia tangu niijue simu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya takriban miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale ninayojaribu kulinganisha na ya binti yangu sina, na sitakuwa nayo. Ninayo kupitia mdomo wa mama, na sasa ninayo katika mwili wangu mwenyewe: kovu moja mkononi na jingine ndani ya sikio. Nilipompigia mama kumweleza la pili, alikaa kimya kidogo, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwa amelitaja kamwe. Alikuwa akinipeleka kwa miguu hadi zahanati ya misheni, na mtawa mmoja akamfundisha kusokota kitambaa safi, kukausha sikio, kusokota kingine, na kutotia dawa ya majani wala mafuta ndani yake. Alifanya hivyo kila asubuhi hadi yalipokauka, wakati wa vidole viwili, yaani watu walipokuwa wakidai vyama vingi. Hiyo ni 1991 au 1992. Nilikuwa na miaka mitano hivi. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imefichwa nyuma ya sentensi fupi, hata wewe ulichelewa.

Nawaandikia wazazi wenzangu hasa kwa ajili ya hili. Mama zenu wana habari ambazo hazimo katika kijitabu chochote, na siyo wote watakuwepo kesho. Waulizeni. Lakini msiwaulize umri tu, kwa kuwa umri huwapa watu ushindi na aibu na hauwafundishi chochote. Ulizeni mlikuwa mnafanya nini, nani alikuwa anawashika, mliugua nini, mlikuwa mnageuka mkiitwa. Na wakisema mlichelewa, ulizeni kwa nini. Mtoto anayefika mwaka mmoja na nusu bila kujaribu maneno yoyote zaidi ya mama na baba, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, apimwe masikio hata kama ukoo mzima ulichelewa. Hasa kama ukoo mzima ulichelewa. Anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe mara moja, bila kungoja mwezi ujao. Watoto wengi wa mji huu wametoka wadi ya kujifungulia bila mtu yeyote kupima usikivu wao, na kliniki wanapimwa uzito kila mara.

Mama ameshaanza kazi hiyo upande wake. Jirani yake ana mjukuu asiyeongea, na badala ya kumfariji alimwambia amwite mtoto kwa nyuma, amtazame.

Kuhusu binti yangu: daktari alituambia tungoje miezi mitatu kabla ya kufikiria vibomba vidogo vinavyowekwa kwenye ngoma ili majimaji yatoke, kwa sababu mara nyingi hukauka yenyewe. Tulingoja. Sikio la kulia limefunguka. Maneno yamekuja kwa wingi, ya Kikamba na Kiswahili na mengine sijui ya wapi, na wiki chache baada ya kufikisha miaka miwili aliunganisha mawili, “susu kuja”, yaani nyanya aje, akinyooshea simu kidole. La kushoto bado lina majimaji na litapimwa tena mwezi ujao. Kwa sasa tunakaa upande wake wa kulia tunapoongea naye, tunachuchumaa ili auone mdomo, na televisheni imezimwa hadi alale.